Kufundisha Scorching Wakati wa Baridi

Jumatatu, 21 Julai 2025
Baridi ya Songea itanimaliza. Sweta mbili, kitenge juu, na wanafunzi wananicheka chini chini — madam wa Tunduru. Mkuu wa shule, Mwalimu Emiliani, kasema Alhamisi anakuja kukaa nyuma ya darasa langu. Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Akiridhika, nabaki. Asiporidhika, narudi Nalasi, huko huko Tunduru, kwa mama na vyeti vyangu. Na somo la Kiingereza lililoangukia siku hiyo ni hali ya hewa. Neno: scorching. Julai hii!

Jumatano, 23 Julai
Nimelijaribu kidato cha pili. Joto kali, nikasema, jua la kuchoma. Wakaandika. Saimon akatunga sentensi: chai ya mama yake ni very scorching. Nikamwambia chai hapana, neno hili ni la jua, la mchana. Na very haina kazi hapo, neno lenyewe limeshafika mwisho. Akaitikia tu. Hajawahi kuungua na jua, atajuaje? Kesho naenda na zana. Nitamwomba Ashura wa jikoni jiko la mkaa.

Alhamisi, 24 Julai
Aibu niliyoipata leo. Nimeingiza jiko limewaka vizuri, madirisha wazi, nikawaita wasogee wahisi joto. Wakasogea wote, mikono mbele, wamejibana kama vifaranga. Nikauliza, is it scorching? Wakajibu kwa pamoja: no madam, it is nice. Kunegunda akaomba lisitolewe. Kugeuka nyuma — mkuu naye kasogeza kiti.

Nikasema potelea mbali. Nikawasimulia kwetu Nalasi mwezi wa kumi, saa saba mchana, tunaokota korosho. Mchanga haukanyagiki. Kuku midomo wazi kivulini. Bibi analowesha kanga anajifunika kichwani, ikikauka analowesha tena. Halafu Saimon, polepole: madam, in Nalasi the sun is scorching, here it is only shining. Nilitaka kulia. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 25 Julai
Mkuu kaniita ofisini. Shikamoo, marahaba. Mkataba upo mezani, hajasaini. Habari za somo hakugusa. Kauliza kama Nalasi kuna pa kulaza wanafunzi, anataka kidato cha pili waende mwezi wa kumi wakalione hilo jua. Nikasema pa kulala hapakosekani. Nani atawapeleka, nikauliza. Akanitazama. Kwani wewe mwezi wa kumi utakuwa wapi?

Kabla sijajibu simu yake ikaita, nikatoka kumpisha. Naandika hapa mlangoni kwake. Bado anaongea.