Wanja wa Ijumaa

Biryogo, Kigali
22 Novemba 1992

Kwa dada yangu mpenzi Mwamini,

Asalaam alaykum. Baada ya salamu, napenda ujue kwamba huku nyumbani tunakula, tunalala na tunaamka, alhamdulillahi, na wasiwasi wangu wote uko kwako wewe, shemeji na watoto hapo Bujumbura, Buyenzi. Je, yule mdogo kikohozi kimemwacha? Shemeji amepata mtu wa kumsaidia dukani, au bado anagombana na wateja peke yake? Mwambie namsalimu sana, na kwamba shati aliloniachia safari ile limenibana tumboni, ila asifurahi, kosa ni la kitambaa.

Dawa ya macho uliyompa Mama Générose atuletee imefika. Maskini yule mama, tangu vita vianze kule kaskazini kila safari vitenge vyake vya biashara vinapekuliwa upya. Anasema pale kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua hata hicho kichupa, akakinusa, akauliza ni cha nani. Akamjibu ni cha mzee wa watu, macho yanamsumbua. Alinikabidhi mlangoni akinihimiza nimpe mzee siku hiyo hiyo. Sikumpa. Kichupa kiko hapa mezani mbele yangu, ninakitazama na uso unaniwaka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Dada, macho ya Baba hayaumwi. Nilikudanganya. Uliponiandikia kwamba watu wanaotoka Kigali wanakwambia Baba haonekani tena na wanja siku ya Ijumaa, nilikimbilia kukujibu kwamba macho yanamwasha na daktari kamkataza. Hakuna daktari. Aliyemwachisha wanja ni mimi. Nisikilize tangu mwanzo, na kama utataka kuichana barua hii, ichane ukishaimaliza.

Unamkumbuka Achille, yule mtoto wa mwalimu wa Ndera aliyekuwa akikaa nami dawati moja, ambaye kila mwalimu alimchapa kwa kuchora kwenye daftari la hesabu? Basi sasa kuchora ndiyo kazi yake, na anachora wanaume tu. Si mawaziri wala wanajeshi. Kuna mcheza ngoma, intore, kaketi kwenye kiti cha plastiki, lile taji lake la nyasi ndefu kalilaza mapajani. Kuna kinyozi anapakwa mafuta kichwani na kinyozi mwenzake, macho kafumba kwa raha. Achille anasema babu zetu walikata amasunzu, zile nywele za matuta, wakasifiwa uzuri hadharani na hakuna aliyecheka. Leo mwanamume akijitazama kioo mara ya pili anaulizwa ana nini. Anasema vijana wa sasa wanadhani uanaume ni kofia ya chama na rungu mkononi. Mimi nilimwambia anaongea kupita kiasi, anunue soda.

Ijumaa moja akaja nyumbani, akamkuta Baba anajitayarisha. Wewe unaijua Ijumaa ya Baba kuliko mimi. Ametoka kuoga, fulana nyeupe, ndevu zina hina mpya, kioo kimeegemezwa kwenye cherehani, kile kijiti anakipitisha machoni taratibu, mdomo uko wazi kidogo. Achille alisimama pale mlangoni hata salamu hakumaliza. Baadaye akaniomba nimsemee kwa mzee, anataka kumchora hivyo hivyo.

Baba alisita. Alisema picha ya mtu si jambo la kukurupukia, na tena wanja ni wa kwenda kwa Mola wake, si wa kuonyesha walevi wa Gisimenti. Mimi ndiye niliyembembeleza, dada. Nilimwambia wajukuu watamwona. Akakubali. Basi ikawa kila baada ya alasiri wako uani wawili, Baba anachorwa na ulimi haupumziki. Alimhadithia Achille habari za babu yetu aliyetoka Bagamoyo na misafara, aliyekuwa akisema mtu anayekwenda msikitini na uso wa kitandani hana adabu. Alimhadithia habari za Mama, jinsi alivyokuwa hampi chakula cha Ijumaa mpaka ayatazame kwanza macho yake, na kama jicho moja limepindishwa wanja anamrudisha kwenye kioo. Nilikuwa nasikiliza toka ndani, nacheka peke yangu. Sikuwahi kumwona na furaha ile tangu tumzike Mama.

Picha ilipokwisha ilikuwa kubwa kushinda mlango wetu. Ewe Mwamini, laiti ungeiona! Makunyanzi yote ya shingo yamo, kidole kilichochomwa na sindano kimo, na juu yake yale macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua kwamba baba yetu ni mwanamume mzuri. Nilijivuna. Nilijivuna mpaka siku ya maonyesho.

Maonyesho yalifanyika mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja mjini. Mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimewaalika watu wa ofisini. Alikuja mkuu wa ofisi, shefu wetu Bwana Twagirayezu, na karani mwenzangu Nduwayo. Sikuwa nimewaambia kwamba mmoja wa waliochorwa ni baba yangu. Nilitaka waione kwanza, waisifu, ndipo nitamke. Wakafika mbele ya Baba. Shefu akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, kisha akauliza huyu bibi harusi mwenye ndevu anamsubiri nani. Nduwayo akacheka mpaka fanta ikamtoka puani. Shefu, alipoona amechekesha, akaendelea. Akasema kama mzee huyu ana watoto wa kiume anawaonea huruma, maana watawaambia nini wenzao. Nami nikacheka. Dada, nilicheka na wao, na wala si kidogo.

Hapo ndipo Baba alipoingia. Alikuwa amevaa ile kanzu ya Idi na koti juu yake, kofia imenyooshwa, na machoni wanja mbichi, ingawa haikuwa Ijumaa. Alijipamba kwa ajili yangu. Akaniona, akatabasamu, akaja moja kwa moja amenyoosha mkono. Shefu akamtambua, akanigeukia, akaniuliza kama namjua huyu.

Nikasema ni fundi cherehani wa mtaani kwetu, hunishonea suruali.

 Baba aliyasikia maneno hayo, tulikuwa karibu kama wewe na sufuria. Ule mkono ulibaki hewani kidogo, halafu akaupeleka kifuani, akainama, akasema ni kweli, na kwamba suruali ya bwana iko tayari, bwana apite kuichukua wakati wowote atakaopenda. Aliniita bwana. Sikuwa nimemwomba anisaidie kusema uongo, lakini alinisaidia. Kisha akazunguka ukumbi mzima bila haraka, akazitazama picha zote, akampa Achille mkono wa hongera, akaondoka kwa miguu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekwisha nawa uso. Nilidhani atanitukana, na wallahi ningeshukuru. Aliniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo hajapaka wanja wala hina. Ndevu zinaota nyeupe toka mizizini, anaonekana mzee kweli. Suruali niliikuta kitandani kwangu, imepigwa pasi na kukunjwa kama ya mteja. Nimemwomba radhi mara sijui ngapi. Kila nikianza, ananyanyua kitambaa anakitazama kwenye mwanga, ananiambia hapana neno, hapana neno. Achille naye alipata habari. Alipita mbele yangu kama anapita nguzo.

Ungedhani aibu imeishia hapo. Bado. Jumatatu hii sikwenda kazini, nilikuwa na homa. Nimelala chumba cha mbele, nikasikia gari, kisha sauti ya shefu barazani. Alikuwa anaulizia fundi Usumani, alisikia anashona vizuri, anataka suti. Unajua mimi ofisini naitwa Sibomana tu. Majina yetu ya Kinyarwanda hayamtaji baba, kwa hiyo hakuwa na la kushuku. Baba akamkaribisha, akaanza kumpima. Nilikuwa nyuma ya pazia, hatua moja tu. Shefu, kwa kupoteza muda, akamuuliza ana watoto wangapi. Baba akajibu kwamba Mungu amemjalia mmoja tu, binti, ameolewa Bujumbura, anaitwa Mwamini, mtoto mwema asiyemsahau.

Nilikuwa na pazia mkononi. Kulivuta tu, nitoke, niseme. Sikutoka. Nilirudi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Siku zilizofuata sikulala. Shefu alikuwa amepangiwa kuja jana Jumamosi kuijaribu suti, nikaapa kwamba jana ndiyo jana. Na bado, angalia woga wangu: hata mlango wa mbele sikuutumia. Nilitokea uani, nikazunguka nyumba ya jirani, nikaja barabarani kama mpita njia. Nilimkuta shefu amesimama barazani mikono juu, Baba amepiga magoti anamrekebisha pindo, pini ziko mdomoni. Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini nilisema, mbele ya majirani na mbele ya Nduwayo aliyekuwa garini: nikamwambia shefu kwamba huyu ni baba yangu.

Baba alizitoa pini moja moja. Akanitazama, macho matupu yale, bila wanja, halafu akamwambia shefu asishangae, mimi ni kijana mwenye adabu sana, wazee wote wa mtaa huu nawaita baba.

Shefu akafurahi. Akanipiga bega, akasema vijana wa namna yangu wamekuwa adimu siku hizi, na kwamba walionizaa walinilea vizuri. Na mimi, Mwamini, nilisema asante.

Sijui kama Baba alinifunika aibu au alinifungia mlango. Nimekaa usiku na mchana nalipima neno lile na sijapata jibu, na yeye haniambii. Sikutumi umsemeshe kwa niaba yangu; sina uso wa kuomba hilo. Nakuomba kitu kimoja, uje. Pasi ya kusafiria ikipatikana, njoo na Mama Générose safari yake ijayo, ukae na Baba barazani, umpikie, umtazame. Sasa hivi ana mtoto mmoja tu, na huyo yuko mbali.

Nisalimie shemeji, watoto, na yule bibi jirani yako mwenye maneno mengi. Baba anakusalimu sana. Nilimwambia ninakuandikia, akasema nikwambie kwamba yeye ni mzima na hana malalamiko yoyote.

Wasalaam.

Ni mimi mdogo wako,
Sibomana Yakubu