Gia Zilizolala Kwenye Baridi

Wandegeya, Kampala

Dada Mwanaidi,

Kabla hujauliza, mimi mzima, meno yote yapo, na kitambi kimeanza kubisha hodi. Nyinyi je? Kifua cha mama kimetulia? Watoto wako bado wanapigania kitanda changu? Waambie wakitunze, mwenyewe anakuja.

Dada, katika Kampala hii yote hakuna mwenye bahati kama mdogo wako. Wakubwa wananiita kwa jina langu, tena wakicheka. Na bahati kubwa kuliko zote naitaja hapa juu usije ukaruka mistari: mumeo ametoka gereza la Luzira. Shemeji Sefu yuko ubavuni mwangu hivi ninavyoandika, anapuliza chai, anasema mwandiko wangu ni nyayo za kuku. Nimemtoa mimi, kwa baridi. Kaa vizuri nikusimulie.

Unamkumbuka yule kapteni wa jeshi niliyekuandikia habari zake, aliyetia gari lake injini ya gari kubwa zaidi ili lipande mlima wa Bukoto kama mwewe. Injini ikawa na nguvu za tembo, giaboksi ikabaki ya mbuzi. Shemeji akaifunga, meno ya gia yakakatika. Akaifunga tena, yakakatika tena, na safari hiyo kapteni alikuwa amempakia mwanamke. Aibu ile ndiyo iliyomponza shemeji. Askari wake wakasema fundi kaharibu makusudi, wakamchukua na ovaroli yake mwilini. Mimi kapteni akaniambia, "Wewe tengeneza gia hapana vunjika, mimi narudisha shemeji yako."

Gia mpya nitoe wapi? Maduka ya spea yamebaki rafu na vumbi tangu Wahindi wenyewe walipofukuzwa nchini. Ndipo nikamkumbuka yule Mwitaliano niliyemshikia spana kule Nairobi wakati wa mashindano ya magari. Alikuwa akisema chuma ukikipa baridi inayopita barafu, kikae humo, kisha ukipashe polepole, kinarudi na roho nyingine. Mimi nikamweleza kapteni kana kwamba nimeivumbua mwenyewe. Nikamwambia Ulaya yote nimeona wakifanya hivyo. Ulaya ipi, dada, na uwanja wa ndege wenyewe nimeuona kwa nje ya waya?

Baridi ya namna hiyo ilikuwa mahali pamoja tu: kituo cha mifugo, wanakohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe wa Kizungu ndani ya hewa iliyobanwa mpaka ikawa maji. Kapteni akasema neno moja, mtungi ukaja gereji. Nikafumua godoro langu, sufi yote nikaishindilia kwenye kasha la mbao, katikati nikaweka ndoo. Gia nikazifunga waya, nikazishusha kidogo kidogo, maana chuma nacho hushtuka.

Hapo ndipo ningependa ungekuwepo. Moshi mweupe ulipanda ukingo wa ndoo, ukashuka, ukatambaa sakafuni bila sauti mpaka miguu yangu ikapotea. Jua la asubuhi liliingia kwenye tundu za bati, likasimama ndani ya moshi kama nguzo. Nikakaa juu ya tairi. Chuma kilikuwa kinalia humo ndani, tik, kinanyamaza, tik, kama mtu anayevunja vidole vyake usingizini. Nikaona niko juu ya mawingu, Busia iko chini yangu, nyumba zetu zimekuwa ndogo kama viberiti, na wewe unaanika nguo, shuka moja nyeupe, unaipiga ikunjuke. Nilikuita. Spana ikaanguka gereji ya jirani, nikaamka.

Siku ya pili ilibaki kazi ya kupasha, maana chuma kinachotoka humo moja kwa moja ni kama glasi. Nikaenda kwa Nalongo, ndivyo wanavyomwita hapa mama wa mapacha, mwenye tanuri la mikate huku nyuma ya soko. Akazitazama gia zinavyofuka moshi.

"Kadiri, chuma yako iko na baridi ya maiti. Isiguse mkate yangu."

"Zimelala na mbegu za madume, Nalongo. Huenda zikazaa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaleta majani ya migomba, akazifunga moja moja kama anavyofunga matoke, tabaka juu ya tabaka. Akasema kitu cha baridi hakionyeshwi moto kikiwa uchi. Tukaziacha kwanza kivulini, halafu tukazitia tanurini mikate ilipokwisha kutoka na moto ukiwa umelegea.

Kapteni akatufuma hapo. Akataka zitolewe, zimwagiwe maji ya moto, zifungwe garini siku hiyo hiyo. Mimi, dada, nilisimama mbele ya tanuri. Nikamwambia, "Afande, ukifanya hivyo utaokota changarawe, na shemeji yangu atalipa tena." Akanitazama. Harufu ya majani na mkate ilikuwa nzito. Akavuta gunia, akakaa, Nalongo akampa mkate.

Gari lilipanda Bukoto bila kuguna. Kapteni akalirudisha chini, akalipandisha tena, kama mtoto na tairi. Na shemeji akaja jioni ile kwa miguu, viatu mkononi, amekonda kidogo, akauliza kama kuna chai.

Msalimie mama, umwambie dawa nitaleta. Msalimie mjomba muuza ndizi kavu, na shangazi yule mkali anayenidai ndoa. Shemeji anakusalimu, anasema kanzu yake nyeupe itolewe sandukuni ipigwe jua. Barua nampa dereva wa lori.

Ni mimi nduguyo, fundi wa baridi Kampala nzima,
Kadiri

Dada, nimeshatia jina na chai ya kikombe cha pili imepoa. Karatasi nyingine sina, ningeichana hii. Gia zimeshika, hiyo ni kweli. Lakini kapteni alipopaki alileta magari ya rafiki zake, akasema, "Nikiachia yeye leo, kesho nyinyi wawili mko Busia." Mkate wa Nalongo naupeleka getini Luzira, wanaupokea, habari zake hawatoi. Kanzu iache sandukuni. Mumeo hajatoka.