Sentensi Iliyopata Vyema

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumai u mzima na mgongo umepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayakuta huko mbele, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli naendelea nayo. Msimamizi ni yule yule, anayenusa kila shuka utadhani tumelilalia. Aliniambia asiyejua Kiingereza hatatoka chumba cha pasi mpaka azeeke, basi nimejiunga na darasa la baada ya zamu. Mwalimu wetu ni mzee mpole, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi.

Wiki hii tumefika kwenye wakati uliopita. Alitueleza kwamba huwa kuna jambo lililokuwa likiendelea, kisha jingine likatokea ghafla na kulikatiza. Kila mtu akatakiwa aandike sentensi moja ya kweli ya maisha yake. Mpishi aliandika kwamba alikuwa akioga maji yakakatika. Tulicheka mbavu hatuna. Mimi niliandika kwamba nilikuwa napiga pasi mama aliponipigia simu mara ya mwisho. Mwalimu akaweka alama kubwa ya vyema, akasema haina kosa hata moja.

Dada, nilirudi kwenye kiti nikalia. Walidhani ni uchungu wa msiba tu.

Siku ile sikuwa kazini. Nilikuwa mapumzikoni, nimekaa kitandani napaka rangi kucha, simu mbele yangu. Niliona jina la mama likiwaka mara tatu. Nikaigeuza kifudifudi, kwa sababu kila siku aliniuliza narudi lini, nami nilichoka kutafuta jibu. Nikajiambia nitampigia rangi ikikauka.

Uliniambia ulimshikia simu sikioni kwa mkono wako, na kwamba alipoishiwa nguvu alisema niachwe, mwanawe yuko kazini. Kaka aliposema niliiona simu nikaipuuza, ulimfokea mbele ya wajomba, na mpaka leo hamsalimiani. Kaka hakunisingizia, dada. Naona aibu, na namlilia mama kila nikishika pasi. Nenda kwa kaka kwanza, kabla hujanijibu. Mimi nikasirikie muda wowote utakao.

Wabusu watoto. Kaka umsomee barua hii yote, hata pale pa kucha.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba