Ada ya Ami Zubery

Kwa Shangazi Kidawa,
Baleni, Mafia.

Kaka yangu Ussi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, pamoja na wifi na mtoto, na kwamba ile homa iliyokushika mwezi wa Ramadhani imekuachia. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Ingekuwa ni mwili tu, ningeishia hapo.

Uliniuliza nimechagua njia gani ya kusomea uwakili. Nitakujibu, ila unisome mpaka mwisho.

Mkopo wa serikali haukutoka. Nilibaki na njia mbili: nikasome shahada Dar es Salaam kisha shule ya sheria kwa vitendo, kama nitapata wa kunilipia, au nijiunge na chuo huria, nisome nikiwa hapa hapa kisiwani huku nikifanya kazi, nifike kule kule kwa mwendo wa kobe. Nikiwa bado nawaza, Ami Zubery aliniita mezani. Akasema amemlea binti wa marehemu kaka yake, hawezi kumwacha njiani. Ada yote ni juu yake mpaka siku nitakayovaa joho. Nililia, nikambusu mkono.

Kisha, akijichokoa mabaki ya pweza menoni, akasema kuna kijikazi kidogo. Amepata watu wa kununua shamba la minazi la Baleni wajenge nyumba za wageni, lakini Shangazi Kidawa amempeleka baraza la kata, anadai ni lake. Mimi niende nikaseme kwamba Baba, kabla hajafa, alimpa yeye Ami.

Nilimkumbusha kuwa Baba alitupeleka shambani mimi na wewe, akashika mnazi wa mpakani, akatwambia hili ni fungu la dada yake kutoka kwa babu, yeye mtunzaji tu. Ami hakukasirika. Alimwita rafiki yake Bwana Taufiki, wakili wa Dar.

Unamjua. Tangu niko kidato cha pili nilikuwa nikimwona akishuka kwenye ndege na koti lake jeusi mkononi, nikijiambia nami nitakuwa hivyo. Basi mtu huyo alinikalisha sebuleni akanisomesha uongo kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyosomesha alifu na bee. Yeye anatangulia, mimi nafuatisha. Nilipokwama akaniambia niinamishe macho, maana binti mwenye haya huaminiwa upesi. Akacheka, akasema hilo ndilo somo langu la kwanza la sheria, na nimelipata bure. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika. Sisemi kwa mfano, kaka. Nilitapika.

Na bado nilikwenda barazani sijaamua. Shahada ile naitaka kuliko unavyodhani. Shangazi alikaa upande wake peke yake, kanga ameikaza kichwani, wala hakunitazama. Mwenyekiti akasema kabla hajanisikiliza mimi, yuko shahidi mwingine wa Bwana Zubery, yuko mbali, atasema kwa simu. Akaiweka simu mezani, akaongeza sauti.

Nilikujua kabla hujataja jina, kwa vile unavyojikohoza unapotaka kusema. Ukasema Baba alimpa Ami shamba, na ulisikia kwa masikio yako mwenyewe. Yalikuwa maneno yale yale ya Bwana Taufiki, hata pale pa kutua ulitua. Hukujua kama nimo mle ndani. Simu ilipokatwa nikaelewa ile bodaboda yako mpya imetoka wapi.

Nikasimama nikasema kweli. Nikataja mnazi ulioshikwa, na nikataja nani alikuwa amesimama ubavuni mwangu siku ile. Mwenyekiti akamuuliza Ami kama ana la kujibu. Aliokota kofia yake akatoka. Wanunuzi waliposikia wakaghairi, na Shangazi yumo shambani mwake. Jioni yake nilikuta nguo zangu zimetupwa kibarazani nyumbani kwa Ami, na baadhi mbuzi wameshazikanyaga.

Sasa nakaa kwa Shangazi. Nimejiandikisha chuo huria, na Bi Gulnar amenipa kazi dukani kwake Kilindoni. Huenda nikaapishwa uwakili nimeshaota mvi. Na iwe hivyo.

Ami na rafiki yake wananitia kinyaa, lakini wale hawakulala tumbo moja na mimi. Wewe nilikula nawe sahani moja, tukafundishwa kuswali na baba mmoja. Kila nikiikumbuka sauti yako pale mezani, chakula hakishuki. Usiniandikie kuomba radhi. Mpigie mwenyekiti, umwambie ulichosikia kweli shambani. Ukishafanya hivyo ndipo uniandikie.

Wifi nisalimie sana, na mtoto mbusu. Shangazi Kidawa naye anakusalimu, anasema Mungu akuweke. Ameniamuru niandike hivyo. Mimi nisingeandika.

Wasalaam,
mdogo wako,
Sabra