Nani Atachagua Jibu la Tatu?

Daejeon,
Januari, theluji ikianguka tangu alfajiri.

Kwa dada yangu mpendwa Sun-rye,

Zikufikie salamu za mdogo wako Hye-ran, nawe uzifikishe kwa shemeji na kwa mwanao Da-on kabla hujakaa kuisoma barua hii, maana nakujua, ukianza kusoma unasahau hata sufuria jikoni. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia, au bado anavuta sigara nyuma ya ghala akidhani huoni? Mimi mwili wangu ni mzima. Chakula kinashuka, ila usingizi unakuja kwa kubembelezwa. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Mambo haya kwa simu nisingeyamaliza. Ungenikatiza kwa kunihurumia.

Mtungi wa kimchi, ile kabichi yako ya pilipili, umefika salama na nimeshaanza kuila. Asante sana. Nimepata pia ombi lako. Umesema Da-on amegawa vitabu vyake vyote kwa mtoto wa jirani, na kwamba kuanzia mwezi ujao anakwenda kufungasha keki za mchele kwenye duka la binamu ya shemeji. Umesema hataki kusikia habari ya kurudia mtihani wa kuingia chuo, na kila ukimgusia ualimu anajibu kwa upole kwamba mtu mwenye kichwa kama chake hafai kufundisha watoto wa watu. Unataka aje akae kwangu mwaka mzima nimwandae upya, kwa kuwa mimi ndiye anayenisikia. Nimelisoma ombi hilo mara nyingi. Siwezi kulijibu, si ndiyo wala hapana, mpaka nikueleze jambo.

Tuanze na Australia. Ulinilaumu, na ulikuwa na haki, kwamba katika mwezi wa mtihani mimi nilikwenda kutembea ng'ambo. Nilikuwa nimemwahidi Da-on kwamba asubuhi ile nitasimama getini pamoja nawe, nimtilie mkononi peremende ya kunata ili bahati imgande. Ulisimama peke yako na magoti yako mabovu. Niliporudi uliniambia kwamba kangaruu wa Australia wana bahati kuliko mtoto wetu. Nilicheka, nikasema samahani. Dada, sikwenda Australia. Sijawahi hata kuiota.

Nilichaguliwa kuwa mmoja wa watunzi wa mtihani wa Kiingereza. Unajua mambo hayo yalivyo: watunzi hufungiwa mahali pasipotajwa mpaka mtihani umalizike, na nyumbani wanaaga kwa uongo. Tuliwekwa katika hoteli moja mlimani. Simu zilichukuliwa, madirisha yakabandikwa karatasi, na mabaki ya chakula yalipekuliwa na mlinzi kabla ya kutupwa, mtu asije akaficha swali ndani ya mfupa wa samaki. Mwenzangu wa chumba, mwalimu mmoja mcheshi anayeitwa Yeo, alizoea kusema kwamba sisi tumefungwa kama wezi, halafu kazi tuliyopewa ni kuwatungia kesi watoto. Nilimcheka. Laiti ningemsikiliza.

Kabla ya kuingia nilitia sahihi kiapo cha kutosema lolote la mle ndani maisha yangu yote. Waliniuliza pia kama nina mtoto anayefanya mtihani mwaka huu, maana mwenye mtoto haruhusiwi. Nilijibu kwamba sina mtoto. Karatasi zao haziulizi habari za watoto wa dada. Na ni kweli sikuzaa, dada, lakini wewe na mimi tunajua ni meza ya nani ambayo Da-on ameifanyia kazi kila Jumamosi tangu darasa la sita, na ni jikoni kwa nani anakojua kijiko kilipo bila kuuliza. Nilijibu maneno ya kweli kwa moyo wa uongo. Sikusita hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeisubiri nafasi ile miaka yangu yote ya ualimu.

Niseme wazi, kiburi kilinipanda. Watunzi wengi walikuwa maprofesa, na sisi walimu wa sekondari tuliitwa kuyaonja maswali yao tu, kama mpishi anavyomwita mtoto aonje chumvi. Nikaomba nitunge swali moja mwenyewe. Wakaniruhusu. Nilipata kifungu juu ya wakulima wa matufaha wa nchi za mbali, ambao kila msimu huacha matunda machache kileleni mwa mti. Watu huwasifu kwa ukarimu, lakini mwandishi anasema si ukarimu hata kidogo: kupanda ngazi kwa ajili ya matunda matano kunagharimu kuliko matunda yenyewe, na binadamu huacha pale ambapo jasho linazidi faida. Sentensi ya mwisho ina pengo, na mtoto anatakiwa kuchagua maneno ya kulijaza kati ya majibu matano.

Mwenyekiti wetu, Profesa Tak, alilisoma akatabasamu kwa namna ambayo mtu humtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akasema swali ni zuri ila ni jepesi, majibu ya kupoteza hayampotezi mtu. Akaweka kidole kwenye la tatu. "Mwalimu Gwak, nani atachagua jibu la tatu? Hata paka wangu hatalichagua." Wote wakacheka. Akanipa mpaka kesho yake mchana, la sivyo swali linatupwa.

Sasa nisikilize vizuri, dada, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo. Jibu la kupoteza halitungwi kwa kubahatisha. Ili limnase mtu, lazima umfikirie mtu. Unamkalisha mwanafunzi mbele yako akilini, unamwona anavyosoma, anapoharakisha, anapopenda kusimama, kisha unaweka mtego pale pale anapopenda kusimama. Mwalimu asiyewajua wanafunzi hawezi kutunga swali gumu. Mimi nilikuwa na mwanafunzi mmoja ninayemjua kuliko wote.

Unakumbuka kosa la Da-on ni lipi? Kila kifungu anakisoma kana kwamba aliyekiandika ni mtu mwema. Nimemgombeza kwa hilo miaka yote, nikimwambia asome kilichoandikwa, asisome anachotamani. Yeye hucheka na kunijibu, "Lakini mama mdogo, huyu mwandishi naye si ana mama yake?" Shemeji husema mtoto huyu moyo wake umekuwa mkubwa mpaka umekisukuma kichwa pembeni. Tulikuwa tukicheka wote.

Nilimkalisha Da-on mbele yangu mlimani kule. Na nikamkumbuka marehemu mama, chini ya miti yetu ya matunda ya persimoni, akitupiga vidole kwa kijiti tulipotaka kuchuma yale matunda ya mwisho ya juu, akisema hayo si yetu, ni ya ndege, na anayewanyima ndege wa Mungu atakula baridi mwaka mzima. Da-on naye alilelewa na maneno hayo hayo kila msimu wa kuchuma. Nani huko kwetu Sangju hakulelewa nayo? Basi nikachukua maneno ya mama, nikayatia Kiingereza kizuri, nikayafanya jibu la tatu: kwamba binadamu huwaachia fungu wale ambao hatawaona kamwe. Kisha nikarudi kwenye kifungu nikaongeza ndege mmoja. Anatua tu kwenye tawi la juu, katikati ya habari, wala hana kazi yoyote pale. Niliyemweka ndege yule ni mimi.

Kesho yake Profesa Tak alisoma, akasoma tena. Safari hii hakutabasamu. Akauliza kama jana, sasa nani atachagua jibu la tatu.

Nikasema, "Namjua mmoja."

Walicheka tena, lakini kwa heshima. Swali likapita. Yeo alinipiga bega na kusema leo mwalimu wa sekondari amewafundisha maprofesa. Dada, siku ile nilikuwa na furaha. Nakuomba ulijue hilo pia, kwa sababu ndilo linalonichoma kuliko yote. Baadaye nilijidanganya kwamba niliwafikiria watoto wa nchi nzima na sura yake sikuiona. Si kweli. Sura yake ndiyo niliyoitumia.

Mengine unayajua. Magazeti yaliandika kwamba swali la thelathini na tatu ndilo lililowachuja watoto mwaka huu. Chuo cha ualimu kilitaka daraja la pili katika Kiingereza, na Da-on alilikosa kwa alama mbili. Swali lile lina alama tatu.

Lakini kuna usilolijua. Ile wiki matokeo yalipotoka, alipokuaga kwamba anakwenda kuona sinema na wenzake, alikuja kwangu. Alikuwa amekunja karatasi ya mtihani mfukoni mwa koti. Hakulia. Alikaa mahali pake pa siku zote, akaikunjua, akaniomba nimwonyeshe alipokosea ili roho yake itulie. Alisema alikuwa na dakika za kutosha, alilisoma mara mbili, na mara zote mbili alimwona bibi.

Hapo, dada, ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nilichukua penseli. Nilimpigia mistari, nikamwonyesha sentensi ya jasho na faida, nikamwambia ndege yule ni wa kupotezea macho na msomaji makini asingemjali. Nilieleza vizuri kama ninavyoeleza darasani. Yeye akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniambia, "Kumbe kila kitu kipo hapa, ni mimi tu. Mama mdogo umenifundisha miaka yote hii, na bado sijui kusoma." Kisha akasimama, akainama kunishukuru, akaosha kikombe chake, akaondoka. Wiki iliyofuata akagawa vitabu.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti ningeingia mimi. Nilikichimba, nikakifunika kwa majani, nikasimama pembeni nikipigiwa makofi, akaingia mtoto. Na alipokuwa chini mle, mimi ndiye niliyemwelekezea taa na kumwambia angetazama anapokanyaga.

Kwa hiyo unaona kwa nini siwezi kumpokea kama ulivyoomba. Si kwamba simtaki. Usiku na mchana namtaka. Lakini akija sasa atakuja kwa mwalimu anayemwamini, akae mwaka mzima akijifunza kuuponya ugonjwa ambao hana. Nitamfundisha nini? Nimfundishe kuacha kumwona bibi yake? Labda mtihani unataka hivyo, na labda mwalimu mzuri angefanya hivyo. Mimi sina tena uso wa kumwambia. Anachohitaji kwanza ni kujua kwamba hakuanguka kwa sababu ya ujinga. Alianguka kwa sababu mtu anayempenda alimjua mno, akaiuza siri ya moyo wake kwa tabasamu la profesa.

Ofisi ya mitihani ilinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza kama nitakuwa na nafasi tena mwaka huu. Wanasifu jicho langu. Nimewaambia sitaweza, nikasingizia tumbo. Huo ndio ujasiri wote nilioweza kuupata kwa simu.

Nisikuchoshe. Msalimie shemeji, mwambie zile sigara anazozificha nyuma ya ghala hazimfichi yeye. Wasalimie majirani, na siku ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ukiwapangia wazazi wetu chakula cha kumbukumbu, uiname kwa niaba yangu pia mbele ya mama, kwa maana mwaka huu sitakuja mpaka niitwe na Da-on mwenyewe.

Jambo la mwisho, dada. Kiapo kile kina sheria nyuma yake. Barua hii ikionekana na mtu wa nje, ualimu wangu umekwisha, na huenda nikafikishwa mahakamani. Najua utakachotaka kufanya ukifika hapa. Tangu utotoni ukiona nimevunja kitu unavifukia vipande kabla baba hajarudi. Utasimama, uende jikoni, ufungue mlango wa jiko uitie barua hii motoni. Safari hii usinifukie. Toka nayo mkononi hivyo hivyo, umpelekee mwanao, na umwachie aamue nayo apendavyo.

Ni mimi mdogo wako,
Gwak Hye-ran