Ngoma ya Kanisa Ilikuwa ya Nani

Jumapili, 3 Februari

Mchungaji kahubiri karama. Kila mtu kapewa yake, kasema, na hakupewa aifungie kabatini wala aitambie. Alipofika kwenye "aitambie" akanitazama. Na mimi nikamtazama. Kwani uongo? Miaka arobaini na moja napiga ngoma ya kanisa hili. Wachungaji saba wamekuja wakaondoka, mpiga ngoma ni mimi yule yule. Kwenye mgongo mzima wa mlima huu hakuna kama mimi. Watu wa ng'ambo ya bonde wanalijua hilo, wana wivu tu.

Mzee Sailova alitaja mistari vizuri, si haba. Lakini kazi yake nyepesi — anatangulia kuutaja mstari, watu wanauimba. Kazi nzito ni yangu. Nikigonga, watu mia mbili wanafuata.

Mke wangu Chawngi kesho anakwenda kwa dada yake aliyevunjika nyonga. Wiki nzima! Kaniuliza nitakula nini. Nikamwambia nitapika, hakuna kinachonishinda. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumanne, 5 Februari

Wali umeungua. Sufuria mbovu.

Jirani yetu Lianzova kafariki alfajiri. Vijana wamekwenda kuchimba kaburi, kinamama wamepeleka kuni na mchele. Jioni tunaimba nyumbani kwake kumfariji mjane. Ngozi ya ngoma nimeikausha motoni mwenyewe. Leo watasikia mkono!

Jumatano, 6 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Wimbo wa kwanza ulivunjika. Nilikuwa nimegonga, Sailova bado anataja mstari. Nusu ya watu wakanifuata mimi, nusu wakamfuata yeye. Ikawa kama ng'ombe waliokosea zizi. Mjane alikuwa ameinama, anayumba na wimbo, analia vizuri. Akainua kichwa. Akaacha kulia. Hilo silisahau.

Wimbo wa pili, vile vile. Sailova akanyoosha mkono akachukua kirungu cha ngoma kutoka kwangu. Mbele ya waombolezaji! Kasema, pumzika kidogo, Kapa. Akampa mpwa wake Rina, mchinja nguruwe. Kijana wa miaka hamsini, anajua nini huyo?

Kosa la Sailova. Kaweka meno mapya ya bandia, maneno yanamtoka kama uji. Nimewaambia hivyo pale pale. Hakuna aliyecheka.

Wazee wanakaa Jumamosi ya wiki ijayo kuamua nani apige.

Alhamisi, 7 Februari

Meno. Nimefikiri sana habari ya hayo meno. Jumapili alikuwa nayo kinywani, na wimbo haukuvunjika. Mbona?

Rina kaja na bakuli la nyama, kaona aibu kwa alichonifanyia. Nikamwambia weka chini, simama nyuma yangu, taja mstari wowote.

Nikangoja.

Nikamwambia, taja basi!

"Mzee Kapa, nimetaja mara tatu. Hata mbwa wako kasikia."

Nikageuka. Nikamwambia ataje tena, nikimtazama. Nikasikia kila neno! Nikageuka tena — sauti ipo, kama mtu anasema ndani ya mtungi, maneno hamna. Tumefanya hivyo mara nyingi mpaka Rina kachoka. Ajabu kubwa. Nasikia kwa macho.

Nimemwambia akimweleza mtu nitamvunja meno, hayo yake ya kuzaliwa. Kasema sawa mzee, ila kula kwanza, umekonda.

Sasa kuna jambo linanikereketa. Sailova kanisani anasimama nyuma yangu, mimbarini. Mdomo wake sijauona hata siku moja. Sasa mstari nilikuwa naupata wapi?

Ijumaa, 8 Februari

Sikwenda kukata nyasi za fagio. Nimekwenda kanisani, kukiwa kutupu. Nimekaa penye kiti changu, ngoma magotini, nikafumba macho, nikagonga. Mtetemo ukanipanda mapajani. Sawasawa. Mkono haujafa, mtu asinidanganye.

Nikafumbua macho, nitazame ninachotazama kila Jumapili. Upande wa kinamama. Benchi la kwanza, penye nguzo. Mbao zake zimeng'aa pale mtu anapokaa.

Chawngi anakaa pale.

Nimerudi nyumbani nikamaliza nusu chupa ya maji ya tumbaku, yale tunayoweka kinywani kisha tukatema. Sikupata jibu, nimepata kizunguzungu.

Jumamosi, 9 Februari

Chawngi karudi na gari la asubuhi. Dada yake anasogea sasa kwa fimbo. Sikumngoja hata avue viatu. Nikamwambia imba.

"Niimbe? Umelewa tumbaku, Baba Rema?"

"Imba tu."

Akaimba, huku anakatakata majani ya haradali. Nikaona! Kabla ya kila mstari kidevu kinashuka. Kidogo tu, kama kuku anayekunywa maji. Halafu bega la kulia. Na mkono wangu wenyewe ukaanza kugonga meza. Sikuutuma.

Nikamuuliza, unafanya hivyo tangu lini?

Hakuacha kukata. "Tangu mwaka ule wa homa yako."

Miaka tisa!

Kasema nilikuwa napotea, watu wakaanza kutazamana, ndipo akahama kiti akae ninapomwona. Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Ungekubali?"

Nimeanza kumchambulia majani. Mimi, majani! Yeye mwenyewe kaacha kisu, kanitazama kama naumwa.

Kiti alichohama kilikuwa cha kwaya. Sauti ya pili, miaka ishirini, hakukosa hata mazoezi. Alipoacha, watu waliniuliza kulikoni. Niliwaambia sauti yake imekwisha, iliyobaki ni ya kuitia kuku. Walicheka sana. Yeye alikuwapo, anamimina chai. Kacheka pia.

Jumapili, 10 Februari

Naandika baada ya ibada ya mchana. Asubuhi na mchana kapiga Rina. Si vibaya. Hilo naliandika hapa tu, simwambii.

Sailova kaja nyumbani na meno yake. Jioni ni ibada ya kumkumbuka Lianzova, na mjane kaomba nipige mimi. Kasema marehemu aliupenda mkono wangu. "Lakini Kapa," kasema, "ukiharibu tena mbele ya yule mama, Jumamosi sitakuwa na neno la kukutetea."

Nikamwambia mimi siharibu.

Akitoka kamwambia Chawngi: kwaya jioni hii ina watu wawili tu wa sauti ya pili, mmoja ana kikohozi. Wimbo ni ule aliokuwa akiushika zamani. Je, anaweza kurudi, hata leo tu? Chawngi kanitazama mimi.

Benchi la kwaya liko nyuma yangu.

Nimefikiri toka mchana. Mkono ni wangu, kidevu ni chake. Karama ni ya nani hapo? Mchungaji hakugusa habari ya karama moja iliyogawanyika kwa watu wawili. Wala ya mtu kukalia ya mwenzake ibada nzima, miaka tisa, kama aliyekalia kofia, huku anajisifu kiti chake laini. Nikimuuliza Mchungaji atafurahi mno. Simuulizi. Lakini nataka kujua.

Mjane atakuwa benchi la mbele leo. Nikivunja wimbo tena, atainua kichwa.

Kengele ya kwanza. Hiyo naipata, inapita kwenye mbao za sakafu. Chawngi kajifunga shali, kasimama mlangoni. Kauliza: "Leo nikae wapi, Baba Rema?" Nikamwambia ngoja, naandika. Ndiyo maana naandika kirefu.

Nimepanda kiti nikakitoa kitabu chake cha kwaya juu ya kabati, chini ya makopo. Vumbi! Nimekifuta kwa mkono wa shati. Kiko mezani, pembeni yake kirungu cha ngoma.

Kengele ya pili. Anasema kitu. Sauti naipata, neno silipati, maana nimeinamia daftari. Nikiinua macho nitalisikia. Naandika kwanza mstari huu, halafu —