Pyo Sang-gyu: Pigo Ulilosema ni Dogo

Baba Ye-seul, leo mwaka umetimia tangu Jumatano ile ya Oktoba ulipotutoka. Mlangoni pa duka bado kinaning'inia kibao ulichokiandika kwa mkono wako: "Nimeenda kufunga kioo, narudi sasa hivi." Hakuna mwenye moyo wa kukiondoa.

Ulikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa miaka ishirini na miwili ulikata vioo hapa Jecheon, na sijui mtaa usio na dirisha lako. Wazee wanaoishi peke yao hukuwangoja wakuite. Baridi ilipokaribia ulipita kwao na gundi yako, ukaziba nyufa, na walipouliza bei ukawaambia umekuja tu kupasha miguu joto kwenye sakafu yao yenye moto chini yake. Ulikula wali kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Uliimba vibaya, na ulijua.

Kila Jumapili alfajiri ulikuwa uwanjani na Timu ya Alfajiri, wanaume wa makamo wenye matumbo mbele na bandeji magotini. Mwenyekiti wenu, Gwak Du-sik, muuza matairi, alikuita Ukuta, maana ulikuwa beki wa kati na hukuwahi kuukwepa mpira wa juu.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba uliruka pamoja na mshambuliaji wa timu ya ng'ambo ya mto, na vichwa vyenu vikagongana. Mdogo wako Sang-cheol, aliyecheza kulia kwako, anasema mlio ule ulikuwa wa vibuyu viwili vikavu. Ulilala chini kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Kisha ukainuka, ukajipangusa vumbi, ukasema ni kidogo tu. Wakakupigia makofi.

Baada ya dakika chache ulimpasia mpira adui, taratibu kabisa, kama unampa mwenzako.

"Kaka, umehamia kwao lini bila kutuaga?" Gwak akakuuliza.

Uwanja mzima ukacheka. Nawe ukacheka, ila ulichelewa kidogo kuliko wenzako. Sang-cheol ameniambia hilo mwaka huu tu. Anasema aliliona, na hakujua ameona nini.

Mlipokwenda kunywa supu baada ya mechi uliuliza matokeo mara tatu. Walidhani unajifurahisha, kwa kuwa mlishinda.

Wiki ile kila mmoja wetu alipewa kipande chake cha ukweli, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Bi Noh, yule dobi, alikuona ukipima dirisha lake mara mbili, kisha ukakata kioo kikapungua upana wa kiganja. Ulikitazama, ukakaa juu ya ndoo, ukakaa sana. Mama yako aliona ukimfokea kwa ajili ya mlio wa kijiko, wewe ambaye hukuwahi kumpandishia sauti. Alikwenda chumbani kwake akalia, na hakutuambia. Mimi niliona mapazia yamefungwa mchana. Alhamisi asubuhi nilikusikia ukitapika, nikalaumu chaza tulizokula usiku.

Binti yetu Ye-seul, aliyekuwa mwaka wa pili wa uuguzi huko Cheongju, alikuja Ijumaa. Yeye alihitaji nusu saa tu.

"Baba, Jumapili mlicheza na nani?"

Ulimtajia timu. Haikuwa ile.

"Unasomea uuguzi au upolisi?" ukamtania.

Hakucheka. Alikaa mbele yako sakafuni, akakushika magoti. "Baba, ubongo ni kama tofu laini ya soya ndani ya bakuli la maji. Bakuli limegongwa. Halikuvunjika, lakini tofu imeumia. Ikigongwa tena kabla haijapona, sijui kama kuna mtu atakayeweza kuitengeneza."

Alitueleza kwamba huo ni mtikisiko wa ubongo, na kwamba mtu si lazima azimie ndipo awe nao. Kusahau, hasira zisizo zako, kichwa kuuma, kuchukia mwanga, kutapika, vyote ni matawi ya mti mmoja. Alisema ulipaswa kutolewa uwanjani dakika ileile, na usirudi siku ile hata kama ungeapa kwamba u mzima. Alisema kwa vile umetapika, hospitali ni sasa hivi. Na mpira, basi, mpaka daktari aruhusu, kisha urudi hatua kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, kugusa mpira peke yako, na kupiga kichwa kuwe mwisho wa yote.

Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukampapasa nywele. "Sawa, daktari wangu. Jumatatu nakwenda."

Alibisha sana. Mimi ndiye niliyemwambia amwache baba yake apumzike, Jumatatu si mbali. Jumamosi kabla ya kupanda basi alichukua njumu zako akazificha kwenye friji ya kimchi, chini ya makopo ya kabichi iliyochachushwa, akaniambia mimi peke yangu.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Ilikuwa fainali ya vuli ya mji. Mchezaji mmoja alikuwa akimwoza binti yake, na timu ilikuwa na watu kumi. Nilimsikia Gwak akisema hakulazimishi, anakujulisha tu. Kisha nikakusikia ukifungua makabati, moja baada ya jingine.

Ungeniuliza kwa ukali ningekataa. Uliniuliza kwa upole.

"Mama Ye-seul, nusu saa tu. Nitasimama nyuma. Siruki."

Nilifungua friji nikakupa. Zilikuwa za baridi, ukazipasha kwapani, ukatoka ukitabasamu.

Nayaandika haya mbele ya watu kwa sababu mwaka mzima nimeambiwa kwamba siku yako ilikuwa imefika. Sikatai maneno ya wazee. Lakini jambo lile halikutujia ghafla. Lilibisha hodi wiki nzima, na mimi ndiye niliyelifungulia mlango.

Wanasema hukuruka. Ulitimiza ahadi yako karibu nusu saa. Kisha mshambuliaji mmoja akakugusa kwa bega, bega la kawaida, hata refa hakupuliza filimbi, na kichwa chako kikayumba kidogo. Ulitembea mwenyewe hadi pembeni ya uwanja. Sang-cheol alikufuata. Ulikaa chini, ukamshika mkono wa jezi.

"Nani amezima taa?" ukamuuliza.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, na jua lilikuwa limetanda uwanja mzima.

Hukusema neno jingine. Gari la wagonjwa lilikupeleka hospitali ya Wonju. Walikufungua fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Daktari mmoja, mpole, aliniuliza kama ulikuwa umeumia kichwa siku za karibuni. Nilitazama viatu vyangu. Ye-seul ndiye aliyemjibu, na hakunitaja. Siku tatu alikushika unyayo, maana mikono yako ilikuwa imejaa mirija ya dawa, na Jumatano alikuwa bado ameushika ulipopoa.

Sikuweza kumtazama mwanangu hadi majira ya kuchipua. Siku moja alinikuta nikikatakata figili, akachukua kisu cha pili, akakaa kando yangu. Akasema, "Mama, na mimi niliondoka. Nilijua, nikapanda basi." Tukakata figili zote, zikawa nyingi kuliko tulizohitaji.

Gwak alikuja mara saba akipiga magoti mlangoni. Mara ya nane nilimwambia sitaki magoti yake, nataka Jumapili zake. Tangu hapo nakwenda uwanjani na daftari. Atakayegongwa kichwa anatoka, na timu ikibaki na watu tisa, icheze na tisa. Harudi bila karatasi ya daktari. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema, "Shemeji, unatuletea mkosi." Nilimjibu kwamba mkosi nimeshauleta mara moja, sasa nauzuia usirudi.

Mwezi wa tano Namgung, yule mpeleka barua, aligongwa kichwani na kiwiko. Akasimama, akasema ni kidogo. Nilimuuliza wiki iliyopita mlicheza na nani, akanijibu haraka, kwa uhakika, na akakosea. Alinitukana tulipomvua jezi. Alikaa nje wiki saba. Sasa anapeleka barua kama zamani, na akipita dukani huinamisha kichwa.

Ningependa kukuandikia kwamba mambo yameisha hapo. Hayajaisha. Uwanja wetu ni mmoja, na viwanja viko vingi. Jumapili iliyopita, upande wa pili wa uzio, kwenye mechi ya watu nisiowajua, niliona mwanamume akiangukia kichwa. Alilala kwa muda ninaoujua. Akainuka, akashika magoti, akatikisa kichwa kama anayetoa maji masikioni. Wenzake wakampigia makofi. Akaanza kukimbia, na alikimbilia upande usio wake.

Nilizunguka uzio mbio, nikaingia uwanjani kati ya wachezaji nikiwa na aproni. Refa akasimamisha mpira. Wakanizunguka, wamekasirika, wakaniuliza mimi ni nani.

Nikawatajia jina lako.

Unakumbukwa na mkeo Ok Mi-ran. Binti yako Pyo Ye-seul. Mama yako mzazi, Bi Seok Sun-rye. Mdogo wako Pyo Sang-cheol na mkewe. Majirani wa mtaa wa soko, na wenzako wa Timu ya Alfajiri. Pumzika, Baba Ye-seul. Maadamu mmoja wetu anapumua, hutasahaulika.